Ukumbi wa Barabara ya 9 na Lenzi ya 35

Kamera ya renjifainda haikuonyeshi kile ambacho lenzi inakiona. Waliokulia kwenye simu hilo linawachanganya kidogo, maana kwenye simu unachokiona kiooni ndicho utakachopata. Hata zile kamera kubwa za maharusini, zile zinazolia "klap" kwa sababu ya kioo kinachoruka ndani, jicho lako linapita katika lenzi yenyewe. Renjifainda sivyo. Unachungulia kwenye kidirisha kilichotobolewa juu, pembeni ya lenzi, na lenzi inatazama kivyake. Katikati ya kidirisha kuna doa, aghalabu la manjano, na ndani ya doa hilo kila kitu kinaonekana kiwili. Mtu ana pua mbili. Nguzo imekuwa nguzo na pacha wake. Unaizungusha lenzi taratibu mpaka mapacha hao waingiane wawe kitu kimoja, na hapo umbali umepatikana. Ndiyo kazi yote ya renjifainda.

Sasa, kwa kuwa unachungulia pembeni, ukibadilisha lenzi kidirisha hakibadiliki. Funga lenzi pana, funga lenzi ya kuvuta mbali, wewe utaona dunia ile ile, kali kila mahali, karibu na mbali, wala hutaona ukungu ule mzuri wa nyuma ambao watu wanausaka siku hizi. Waliotengeneza Leica M3 mwaka 1954 walilijua tatizo, wakachora mistari ya fremu ndani ya kidirisha: ya milimita 50, ya 90 na ya 135. Aliyetaka 35 ilibidi atafute namna nyingine hadi ilipokuja M2 miaka michache baadaye. Lakini hizo ni kamera za wenye nazo. Yangu haina mstari hata mmoja. Kidirisha chake ni cha 50, basi, ukipenda usipende.

Kwa hiyo kuchagua lenzi ya kamera kama hii ni kuchagua usichokiona. Unapiga hesabu, unaamini, unasubiri mkanda usafishwe. Watu wa picha wanalilalamikia jambo hili. Mimi, ambaye nimesoma riwaya nyingi kuliko nilivyopiga picha, naona ni la kawaida sana. Mwandishi naye anaamua mapema msimulizi atasimama wapi, hajui bado ukurasa wa 200 utakuwaje.

Kamera yenyewe ni FED-2, na nimepewa na Baba Mkubwa. Aliinunua Kharkov mwishoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa anasoma uhandisi huko. Alirudi Tanga na shahada, kamera, na koti zito la baridi ambalo kwa hali ya hewa ya Tanga halikuwa na kazi yoyote ila kuwa kitanda cha vizazi kadhaa vya paka. Jina FED ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, yule mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Ukilijua hilo kamera inakuwa nzito mkononi kidogo. Ila historia yake ina upande mwingine utakaowafurahisha wasomaji wa hapa: kamera za kwanza, zilizotoka mwaka 1934 zikiwa nakala ya Leica, ziliundwa na vijana wa makazi ya watoto waliokosa wazazi na waliookotwa mitaani huko huko Kharkov, makazi yaliyoongozwa na Anton Makarenko, ambaye alikuwa mwalimu na mwandishi. Kamera iliyopewa jina la mkuu wa polisi, ikaundwa na watoto wa mwandishi. Sijui hata mtu aanzie wapi kuitungia hadithi.

Ilikuja na lenzi yake, Industar-61, ya milimita 50 na ushee, tundu lake kubwa f/2.8. Ni lenzi nzuri. Vioo vinne tu, na picha zake zina ukali wa wembe. Kwa miaka miwili nilipiga nayo kila kitu, Kariakoo, feri ya Kigamboni, harusi za marafiki ambao walikuwa wameshalipia mpiga picha mwingine, na sikuwa na haja ya nyingine. Haja ilikuja ukoo ulipokaa kikao na kukubaliana kuiuza nyumba ya Barabara ya 9.

Wanaoijua Ngamiani wanajua nyumba zile. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu kama treni unaopasua nyumba hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani jiko, choo, na mti. Wetu ni mlimao. Babu aliijenga kwa mshahara wa reli, chumba kwa chumba, na alipofariki mirathi ilipigwa kwa sheria kama inavyopasa. Bibi, kwa kuwa marehemu aliacha watoto, fungu lake ni thumni. Kilichobaki kikagawanywa kwa watoto wanne, wa kiume mafungu mawili mawili, wa kike moja moja. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedhulumu. Ila nyumba haigawanyiki kama mkate, na msimamizi wa mirathi, ambaye ni huyo huyo Baba Mkubwa, alisema wazi kwamba hakuna kati yao mwenye hela ya kuwanunua wenzake, paa linavuja, na mnunuzi amepatikana. Bibi angehamia Dar kwa Shangazi.

Nilikwenda Tanga siku ya pili baada ya kusikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kudai fungu lako kwa mume wetu? Umechelewa. Katuachia thumni." Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuinua kichwa. "Nimeshaipima. Thumni yangu inaanza hapa nilipokaa, inaishia pale mlangoni pa chumba cha wageni. Ukipita, piga hodi."

Baadaye nilipiga hesabu na nikaona hakuwa anatania sana. Vyumba sita gawa kwa nane ni robo tatu ya chumba. Mwanamke aliyeishi miaka zaidi ya hamsini katika nyumba ya vyumba sita, haki yake kamili haitoshi kuweka kitanda na kabati pamoja.

Nilimwambia nataka kuipiga picha nyumba yote kabla ya kukabidhiwa. "Picha za nini?" akasema. "Nyumba haijafa." Lakini hakukataa. Kwa Bibi, kutokukataa ni idhini, na ni idhini ambayo inaweza kuondolewa wakati wowote bila taarifa.

Basi tatizo likaanza hapo. Vyumba vile ni kama mita tatu kwa tatu. Ukijibana mgongo ukutani, kamera usoni, unabakiwa na mita mbili na sentimita 70 hivi hadi ukuta wa pili. Hesabu yake haihitaji shahada ya Kharkov: upana wa picha kwenye mkanda ni milimita 36, ugawe kwa urefu wa lenzi, uzidishe kwa umbali. Kwa lenzi ya 50 unapata ukuta wa mita moja na sentimita 94. Kwa ya 35 unapata mita mbili na sentimita 78. Yaani kwa 50 utapata kitanda bila dirisha, au dirisha bila kitanda, na chumba cha Babu bila vyote viwili si chumba cha Babu, kwa sababu alikuwa amekiweka kitanda mahali ambapo alfajiri mwanga wa dirisha unamwangukia usoni, asipitwe na swala. Kwa 35 unapata karibu chote.

Hivyo ya 35 ilikuwa imeshashinda, utasema. Hapana. Kulikuwa na suala la mwanga.

Nyumba za Ngamiani zilijengwa kukimbia jua, na zimefanikiwa. Saa kumi jioni, mlango wa mbele na wa uani vyote wazi, nilipima mwanga wa ukumbini kwa programu ya simu. Kwa mkanda wa ISO 400 ilitaka spidi ya 1/30 na tundu la f/2. Vyumbani ilikuwa giza mara nne ya hapo. Sasa FED-2 yangu spidi yake ya chini ni 1/30. Chini ya hapo kuna B tu, ambayo shata inabaki wazi muda wote ulioshikilia kidole. Hakuna 1/15, hakuna 1/8. Kwa hiyo f/2 ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia ukumbini ukiwa umeshika kamera mkononi, na lenzi ya bei ninayoiweza yenye f/2 ni Jupiter-8, ambayo ni ya 50. Ile ya 35, Jupiter-12, inaishia f/2.8, nusu ya mwanga huo. Moja inaona gizani lakini haienei. Nyingine inaenea lakini gizani inapapasa. Nilikuwa na hela ya moja.

Zote mbili ni za asili moja. Aliyezibuni ni Mjerumani Ludwig Bertele, katika miaka ya 1930, kwa ajili ya kamera za Contax za Zeiss: Sonnar ya 50 na Biogon ya 35. Vita vilipokwisha Wasovieti walichukua mitambo na michoro, na Sonnar ikawa Jupiter-8, Biogon ikawa Jupiter-12. Ukiona mbili za kwanza za namba ya lenzi, kwa kawaida ndizo mwaka wake. Wapo watakaokushauri kwamba Jupiter hazifai kwenye Leica kwa sababu Wasovieti walipima umbali kwa kipimo kilichotofautiana kidogo na cha Wajerumani, na ukifungua tundu lote fokasi inakuhama. Ni kweli. Lakini mimi nina FED, na kwenye FED lenzi iko kwao.

Nyinginezo nilizipita haraka. Orion-15 ya milimita 28 ni pana kuliko zote hizo, lakini tundu lake ni f/6. Kwa ukumbi wetu ni sawa na kuweka kifuniko. Jupiter-9 ya 85 na Jupiter-11 ya 135 ni za kupigia watu walio mbali nawe, na sikuwa na mtu wa kumpiga akiwa mbali. Jupiter-3, ya 50 yenye f/1.5, ingemaliza ugomvi wa mwanga mara moja. Bei yake nayo ingemaliza ugomvi wa kodi ya nyumba.

Nilimpigia Baba Mkubwa. Ilikuwa simu ngumu kidogo, maana ukoo ulikuwa umegawanyika, na mimi nilikuwa upande wa wasiosema. Nilimweleza mambo ya lenzi tu. Alisikiliza yote, akauliza tundu, akauliza spidi, akarudi kuwa yule mhandisi.

"Chukua Jupiter-8," akasema. "Ya 50 inamheshimu mtu. Ile ya 35 inaonyesha sana."

"Inaonyesha nini, Baba Mkubwa?"

"Kila kitu. Nyufa, nyaya, ndoo. Kuna mwenzangu alikuwa nayo bwenini. Alitupiga picha tunakula, tukaona aibu kuituma nyumbani. Ukuta wote ulionekana." Halafu akanyamaza, nami nikasikia televisheni nyuma yake. Tangu Februari 2022 taarifa ya habari haimpiti. Mji ukitajwa anaongeza sauti. Wao sasa wanauita Kharkiv, yeye bado anasema Kharkov, na nimemwona akisogea hadi kwenye kioo cha televisheni akitafuta, katika majengo yaliyobomolewa, mtaa anaoufahamu. "Halafu," akasema, "unaipigia nini nyumba? Unataka kunionyesha nini?"

Nilisema nataka Bibi awe nazo. Alisema sawa.

Neno lake la heshima nililifikiria sana, na nadhani wapiga picha wengi wanaopenda 50 wangelikubali. Henri Cartier-Bresson maisha yake yote aliielemea 50, na picha zake zina adabu ya mtu aliyesimama hatua mbili tatu kando. Ya 50 inakuruhusu kuchagua. Inakata. Unamweka mtu katikati, yaliyobaki yanatoka nje ya fremu, na ukifungua tundu lote hata yaliyobaki ndani yanayeyuka: kwa f/2, ukipima mita mbili, kinachokuwa kikali ni kama sentimita 19 tu, uso na masikio basi. Kwa 35 na f/2.8, umbali ule ule, unapata zaidi ya nusu mita. Uso, mikono, ungo, na mgongo wa kiti.

Lakini mimi sikutaka kukata. Picha tulizo nazo za nyumba ile zote zimekatwa. Ipo ya Bibi na Babu wameoana, iliyopigwa studio mbele ya pazia lililochorwa bustani ya Ulaya. Zipo paspoti saizi za kila mtu. Ipo ya maulidi, watu wamejaa barazani, nyumba haionekani kwa watu. Kwa nusu karne kila aliyekuja na kamera alimpiga mtu na kuiacha nyumba, kwa sababu nyumba ilikuwepo, ilikuwa haiendi popote. Nyufa, nyaya na ndoo ndivyo hasa nilivyovifuata. Msumari ambao bakora ya Babu bado imening'inia. Alama za penseli kwenye fremu ya mlango wa chumba cha pili kushoto, urefu wa watoto, na wa Baba Mkubwa ukiwa wa juu kuliko wote.

Nikaagiza Jupiter-12. Namba yake inaanza na 63. Muuzaji alikuwa Ukraine. Huko ndiko ziliko nyingi. Aliniandikia kwa ufupi na kwa adabu, siku moja akisema umeme umekatika, atapakia kesho. Nilijibu kwamba umeme kukatika ninaujua, asiwe na wasiwasi. Ilifika baada ya wiki sita, imefungwa katika magazeti nisiyoweza kuyasoma, na kwanza niliimulika kwa tochi kutafuta kuvu. Kwa sisi wa Pwani hiyo ndiyo ibada ya kwanza. Kuvu anakula lenzi taratibu, kama utando wa buibui ndani ya kioo, na akishaingia joto na unyevu wa huku vinamnenepesha. Ilikuwa safi. Naihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Ni lenzi ya ajabu kuishika. Mbele kioo kimezama ndani kama jicho la mzee, nyuma kioo kimetokeza nje, kinene kama gololi, kiasi kwamba unapoisokota kwenye kamera unashikilia pumzi. Tundu linapangwa kwa kupete kilichojificha mbele, ndani ya ukingo, kwa hiyo kila ukibadilisha unaacha alama za vidole karibu na kioo. Aliyeipanga hivyo hakuwa na vidole, au alikuwa anavichukia vya wenzake.

Na kwa kuwa kidirisha cha FED ni cha 50, inahitaji kidirisha cha ziada cha kuchomeka juu. Nilipata kile cha Kisovieti chenye kichwa kinachozunguka, vilenzi vitano: 28, 35, 50, 85, 135. Unageuza mpaka kinaingia mahali pake na mlio mdogo. Ukikiweka, sasa unachungulia mara mbili: kwanza kwenye kamera kupatanisha wale mapacha, kisha juu kupanga picha. Barabarani sipimi kabisa. Naweka f/8, umbali mita tano, na kila kilicho kuanzia mita mbili na nusu hadi upeo wa macho kinakuwa kikali vya kutosha. Ndani ya nyumba hakuna mkato wa namna hiyo.

Mwanga niliugawa mara mbili. Mkanda wa kwanza, Ilford HP5 Plus, niliupiga kwa ISO 400 yake ya kawaida, kamera ikiwa juu ya stendi, tundu f/8, shata kwenye B. Vyumba vitupu havitikisiki. Kwa hesabu ya vyumbani ilikuwa sekunde mbili na zaidi kidogo. Nikafungua, nikahesabu taratibu hadi nne, nikafunga. Fremu 36. Kila chumba mara nne, kila mara kutoka pembe nyingine, zilizosalia uani na barazani. Kuna kitu kinatokea ukisimama kimya sekunde nne ndani ya chumba huku shata iko wazi. Unaanza kusikia. Mabati yanavyolia jua likipungua. Redio ya jirani. Mimi niliyelala chumba kile kila likizo ya shule sikuwahi kujua kwamba dirisha lake linasikia adhana mbili, moja ikichelewa nyuma ya mwenzake.

Mkanda wa pili ulikuwa wa Bibi. Huo niliupiga kama ISO 1600, kisha wakati wa kuusafisha nikauzidishia muda kwenye dawa. Punje zinakuwa kubwa, weusi unakuwa mweusi kwelikweli, lakini unapata 1/60 kwa f/2.8 ukumbini, na mkono wangu kwa 1/60 unanitii. Picha za watu weusi katika nyumba yenye giza zinaharibika kirahisi kwa namna hii, uso unazama; dawa yake ni kupima mwanga kwenye shavu la mtu mwenyewe, si kwenye ukuta wa chokaa nyuma yake. Nilisogeza simu hadi shavuni mwa Bibi. "Unanipima homa?" akauliza.

Jupiter-12 haisogei karibu zaidi ya mita moja. Nayo ndiyo mita niliyoitaka, kwa sababu kwa 35 ukikaa mbali zaidi mtu anakuwa mdogo, anakuwa pambo la ukumbi. Mita moja ni karibu. Magoti yenu yanakaribia kugusana. Kwa lenzi ya 50 ningeweza kukaa kule kwenye mlango wa chumba cha wageni, mwisho wa thumni, nikamchukua Bibi bila yeye kujali. Kwa hii ilibidi niingie kwenye fungu lake.

Nilipiga hodi.

"Karibu," akasema, akasogeza kibao kingine kwa mguu. Alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani. Nilikaa. Kwa fremu kumi za mwanzo alikuwa anaipigia kamera picha yeye, yaani uso wa paspoti, shingo imekaza. Ya kumi na moja jiwe lilimponyoka, akaanza kulitafuta kwenye ungo kwa kidole, akanisahau. Kuanzia hapo hadi ya 29 hakuna hata moja anayoitazama lenzi. Nyuma yake ukumbi unaonekana wote hadi uani, mlango mweupe kwa jua, kivuli cha mlimao, waya wa umeme unaopinda ukutani kama Babu alivyouvuta mwenyewe, ndoo mbili chini ya pale paa linapovuja. Kwenye ya 30 amenitazama, na si mimi niliyemwambia. Ameinua kichwa kutoka kwenye mchele na anasema kitu, mdomo uko wazi. Nakumbuka alichosema. "Huyo baba yako mkubwa," alisema, "alizaliwa chumba hiki hapa. Mvua ilikuwa inanyesha, na paa lilikuwa halivuji."

Nyumba ilikabidhiwa mwezi wa tatu. Baba Mkubwa alikuja Dar mwezi uliofuata kumjulia hali Bibi, nami nikamtandikia picha mezani. Alizitazama kama anavyotazama vitu vyote, karibu sana, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Kwenye ile ya alama za penseli alikaa muda mrefu. Aliniuliza nilitumia tundu gani. Nikamwambia f/8, sekunde nne. Akasema fokasi imekaa. Hakuomba yoyote, na nilipomfungia ile moja kwenye bahasha hakuikataa, naye ni mtoto wa Bibi kweli.

Kwa Shangazi Bibi amepewa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa la aluminiamu. Mwanga ni mwingi mno, hadi mchana anafunga pazia. Kwa ISO 400 unapata 1/125 na f/4 bila jasho, na ukuta mzima hauna kitu zaidi ya kalenda na saa. Pale sioni kazi ya lenzi ya 35. Naitafuta Jupiter-8 sasa. Nimeona moja ya mwaka 1961, kioo kisafi, muuzaji anasema kupete cha fokasi kigumu kidogo kwa sababu grisi imekauka. Hiyo si shida. Yupo fundi saa Kariakoo anayejua kuibadilisha.